Kwa Nini Kaka Lazima Awe Gaidi?

Mwaka jana, wiki mbili kabla ya Ramadhani, sanduku la vitabu lilifika kituo chetu cha vijana hapa Dadaab. Vingi vilikuwa vya hesabu, vya mtaala wa nchi nyingine kabisa, na hadithi zilikuwa chache. Lakini kimoja kati ya hizo chache kilisomwa kuliko vyote, mpaka jalada likatoka. Ni riwaya ya vijana, ya kusisimua, ya Kiingereza. Kuna ndugu wawili Waislamu katika mji wa Ulaya. Bomu linalipuka kwenye stesheni ya treni. Majirani wanaanza kuwaangalia vibaya, shuleni wanatukanwa, na mdogo anaanza kumshuku kakake. Kurasa mia tatu za kufuatana usiku, simu za siri, begi lililofichwa chini ya kitanda. Mwishoni mdogo anaenda polisi, anamtaja kakake, watu wanaokolewa.

Sitakitaja jina, kwa sababu shida yangu haiko kwa kitabu kimoja. Nimeshasoma vitatu vya aina hiyo, na filamu zake sihesabu tena. Na sitasema ni kibaya. Kinakushika. Mimi mwenyewe nilikimaliza kwa tochi ya simu mpaka chaji ikaisha.

Shida ilianza siku tuliyokaa kukijadili. Tulikuwa vijana 14 chini ya ule mti wa mathenge nyuma ya kituo. Nikauliza swali lililoandikwa mwisho wa kitabu: mdogo alifanya sawa kumtaja kakake? Karibu wote wakasema ndiyo, haraka haraka, kama watu wanaojua kuna mtu anasikiliza. Kisha kijana mmoja wa miaka 16, ambaye kwa kawaida haongei, akauliza: "Mwalimu, huyu mdogo alipoingia polisi, mbona wao hawakumshika yeye kwanza?"

Wengine wakacheka. Mimi sikucheka, maana hilo ndilo swali ambalo mwandishi hakujiuliza. Ndani ya kitabu kijana anaingia kituoni, anapewa kiti, anapewa chai, na afisa mwanamke mpole anamwambia achukue muda wake. Mimi nilisoma ukurasa huo nikadhani ni wa hadithi za majini.

Naandika haya kwa Kiswahili makusudi. Ningeweza kuandika Kisomali, nikapigiwa makofi nyumbani, yakaishia hapo. Nataka asome pia jirani wa Garissa, asome Mkongo na Mrundi wa Kakuma, asome hata askari wa pale barabarani kama ana nafasi. Ninachosema ni hiki: hadithi hizi zinaiweka mizigo yote kichwani pa ndugu mdogo, halafu zinafunga mlango ambao angepitia. Na sisi wenyewe, wazee wetu na vijana wetu, tunasaidia kuufunga.

Kwanza tuanze na huo mlango wa polisi.

Machi 31, 2014 milipuko iliua watu Eastleigh. Siku chache baadaye serikali ikaanza operesheni ya Usalama Watch. Karibu watu 4,000 walikamatwa, wengi wao Wasomali, na uwanja wa michezo wa Kasarani ukageuzwa mahali pa kuwachuja watu. Kina mama walikuwa ndani, watoto walikuwa ndani, hata Wakenya wenye vitambulisho vyao halali walikuwa ndani. Mamia walipakiwa ndege wakapelekwa Mogadishu. Mwaka mmoja kabla, Human Rights Watch walikuwa wametoa ripoti kuhusu mateso ya wakimbizi mikononi mwa polisi huko huko Eastleigh. Waliipa ripoti jina la maneno ambayo watu walikuwa wakiambiwa wakipigwa: kwamba ninyi nyote ni magaidi. Nyote. Sasa nani atakwenda kumwambia mtu kama huyo "nadhani kakangu ana shida"? Kama nyote ni magaidi, wewe unayetoa habari ni nani?

Januari 2021, mmoja wa washtakiwa wa kesi ya Westgate, ambaye mahakama ilikuwa imemwona hana hatia, alichukuliwa na watu wenye silaha mchana kweupe Nairobi, dakika chache baada ya kutoka kwenye ofisi za polisi wa kupambana na ugaidi. Sasa fikiria wewe ni mdogo wake. Umeona mahakama imesema hana hatia na bado amepotea. Utampeleka nani tena?

Utaniambia serikali ilitoa msamaha. Ndiyo, ilitoa. Aprili 2015 Waziri wa Usalama wa Ndani wakati huo, marehemu Joseph Nkaissery, aliwaambia vijana waliojiunga na Al-Shabaab wajisalimishe wasaidiwe. Neno zuri. Lakini mashirika ya haki za binadamu yameandika kuhusu vijana wa Pwani waliorudi Kenya, kisha wakauawa au wakapotea. Msamaha wa mdomo bila ulinzi unamsaidia nani? Mama akisikia habari moja tu ya namna hiyo, hatampeleka mwanawe popote.

Pili, hadithi hizi zinasema gaidi anatoka kwenye nyumba ya mgeni. Ni yule mwenye jina kama letu, ambaye hakuzaliwa hapo, ambaye kadi yake inaisha muda. Hebu tuangalie mambo yenyewe.

Aprili 2, 2015 watu 148 waliuawa Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi. Garissa iko kilomita kama 100 kutoka hapa tunapokaa. Mmoja wa wauaji aliitwa Abdirahim Abdullahi. Hakuwa mkimbizi. Alikuwa Mkenya aliyesomea sheria Chuo Kikuu cha Nairobi, na babake alikuwa chifu katika Kaunti ya Mandera, yaani mtu wa serikali. Na sikiliza hili, maana ndilo linaloniuma zaidi: baba huyo alikuwa ameshatoa taarifa kwamba mwanawe amepotea na kwamba anahofia amekwenda Somalia. Alifanya kile ambacho kitabu kinamwambia mdogo afanye. Alisema. Na watu 148 hawakuokolewa.

Kabla wiki mbili hazijaisha, Naibu Rais wa wakati huo akatoa amri: UNHCR iondoe kambi ya Dadaab kwa miezi mitatu, la sivyo serikali itaihamisha yenyewe. Mtoto wa chifu wa Kenya ameua, babake alikuwa ameonya, na adhabu inakuja kwa mama yangu ambaye hajawahi kufika Garissa bila pasi. Mei 2016 serikali ikatangaza tena kwamba kambi itafungwa. Februari 9, 2017 Mahakama Kuu ikasema uamuzi huo ni kinyume cha katiba na ni wa kibaguzi. Mungu awape heri majaji. Lakini 2021 tukasikia tena: siku 14 za kutoa mpango wa kuzifunga Dadaab na Kakuma. Sisi tumezoea kuhesabiwa siku kama maziwa ya pakiti.

Aliyeongoza shambulio la hoteli ya DusitD2, Januari 15, 2019, ambapo watu 21 waliuawa, aliitwa Ali Salim Gichunge. Mkenya. Magazeti yaliandika kwamba babake alikuwa mwanajeshi. Hakuna aliyesema kambi za jeshi zifungwe, na sawa kabisa, ingekuwa upuuzi. Lakini upuuzi huo ukisemwa kuhusu kambi yetu unaitwa mpango wa usalama.

Sisemi hakuna mkimbizi aliyewahi kuhusika. Wapo walioshtakiwa, na anayesema kambi hizi hazijawahi kupitisha mtu mbaya anajidanganya. Watu laki kadhaa wakiishi pamoja miaka 30 na zaidi, lazima wapitie wabaya, kama ilivyo Nairobi, kama ilivyo Mogadishu. Ninachokataa ni kwamba mbaya mmoja ndiye anayetupa sisi sote jina.

Na jina lenyewe, je, umelifikiria? Mtaani Nairobi tunaitwa "walalo". Kondakta anakuita walalo, askari anakuita walalo, "wewe walalo, kuja hapa." Limekuwa tusi. Kwa Kisomali *walaalo* maana yake ni ndugu. Wanatutukana kwa kutuita ndugu, na hawajui.

Tatu, na hapa nageuka nyumbani. Wazee wangu mnivumilie.

Tunasema ndugu ni ndugu. Tunasema siri ya nyumba haitoki. Kijana akianza kubadilika, akiacha mpira, akiacha marafiki, akianza kuwaita watu wa nyumbani kwao makafiri, tunanyamaza tukiita heshima. Akipotea, tunasema ameenda kutafuta kazi. Mama anajua na baba anajua, hata bloku nzima inajua, lakini akija mtu kuuliza kila mtu ni kipofu. Kisha picha yake inatokea kwenye gazeti, ndipo tunalia kwamba tunaonewa. Tunaonewa, kweli. Lakini kunyamaza kwetu hakujamwokoa yeyote, wala kijana mwenyewe. Wale wanaomchukua hawamrudishii mamake. Wanampa bunduki na kumtanguliza mbele.

Naongea hivi kwa sababu limenipata. Nilikuwa na miaka 15. Kakangu alikuwa Eastleigh, anauza vitambaa kwenye duka la mtu. Aprili ile ya 2014 alishikwa, akakaa ndani siku tisa, tajiri wake akalipa pesa akatoka. Akarudi kambini juu ya lori la mizigo, amekonda, hasemi. Alikuwa mtu wa kelele, mtu wa Arsenal. Sasa anakaa mlangoni anaangalia vumbi.

Siku moja niliazima simu yake niangalie matokeo ya mpira. Nikakuta kwenye memori kadi hotuba, nyingi, za mtu mmoja mwenye sauti tulivu. Nikasikiliza moja chooni. Alikuwa anaongea kuhusu Kasarani. Alitaja kina mama waliolala kwenye saruji, watoto waliotenganishwa na wazazi, vitambulisho vilivyochanwa. Na kila alichosema kuhusu Kasarani nilijua ni kweli, kwa sababu kakangu alikuwa amekuja na habari hizo hizo. Hapo ndipo niliogopa. Mtu huyo hakuanza na uongo. Alianza na ukweli wetu, ukweli ambao hakuna mwingine aliyekubali kuusema kwa sauti, kisha dakika ya 20 akaingiza dawa yake.

Nilikaa na jambo hilo wiki tatu. Nilihesabu watu wa kuwaambia. Polisi? Wangemchukua yeye, baba, na mimi. Mwalimu wa duksi? Sikujua kadi imetoka kwa nani. Wazee wa bloku? Ingefika sokoni kabla ya adhuhuri. Wafanyakazi wa mashirika walikuwa na fomu, na fomu ina jina. Riwaya ile ingenipa njia mbili, nimfiche au nimuuze. Zote mbili nilikuwa naziona mwisho wake.

Nikamwambia mama. Hakulia. Alinyamaza, akamaliza kupepeta mchele, akaenda kumwita abti, yaani mjomba, kakake mkubwa, mzee aliyeendesha malori miaka mingi kabla ya vita. Abti hakuja na mahubiri. Alikuja kila alasiri na karata. Walicheza siku nyingi, sijui ni miezi miwili, akimsimulia habari za Kismayo, za wake zake, za matairi. Siku moja akamuuliza mbele yetu: "Huyo mtu wa kwenye simu, alikuja kukutoa ndani zile siku tisa?" Kakangu akasema hapana. "Alimletea mama yako chakula?" Hapana. "Basi ana haki gani ya kukutuma?" Kakangu hakujibu. Jioni kadi ile ilitupwa chooni, na hakuna aliyeizungumzia tena mpaka mwaka jana, nilipomwomba ruhusa ya kuandika. Alikubali kwa sharti nisimtaje jina. Leo ana kibanda cha kuchaji simu na watoto wawili, na Arsenal bado inamtesa.

Utasema tulikuwa na bahati. Ndiyo, tulikuwa na bahati. Tulikuwa na abti aliye hai, mwenye wakati, mwenye ulimi. Kuna nyumba ambazo mjomba alifia njiani, au yuko Minnesota anatuma dola mia kila mwezi na hana nafasi ya karata. Usalama wa watu hauwezi kutegemea bahati ya kuwa na mjomba. Ndiyo maana napiga kelele.

Na nisieleweke vibaya. Kama bunduki iko chini ya kitanda, kama siku imeshapangwa, nenda polisi. Nenda hata kama watakupiga, hata kama watakushika wewe kwanza. Ningekwenda mimi mwenyewe kumtaja kakangu, nikalia njia nzima. Wale 148 wa Garissa walikuwa na ndugu pia, na ndugu zao walikwenda kuwatambua maiti. Undugu unaokubali hayo yatokee si undugu, ni ushirika wa mauaji. Lakini kati ya hotuba ya kwanza kwenye simu na bunduki chini ya kitanda kuna miezi, pengine miaka. Riwaya hizi zinairuka miezi hiyo kwa sababu haina mbio za magari. Serikali inairuka kwa sababu haina wa kukamata, na sisi tunairuka kwa sababu ya aibu. Abti aliitumia miezi hiyo yote kucheza karata.

Mtu ataniuliza: basi unataka vijana wasome nini? Wasome hiki hiki, lakini wasome na kingine. Novemba 22, 2014 Al-Shabaab walisimamisha basi lililotoka Mandera, wakawatenga wasio Waislamu, wakaua watu 28. Mwaka mmoja baadaye, Desemba 21, 2015, wakasimamisha basi jingine huko huko wakitaka kufanya vilevile. Safari hii abiria Waislamu walikataa kutengana na wenzao. Watu wawili waliuawa siku hiyo, lakini lile lililokusudiwa halikufanyika. Mwalimu Salah Farah, naibu mwalimu mkuu, alipigwa risasi, na akafariki Januari 2016 hospitalini Nairobi. Kisa hicho kilitengenezewa filamu fupi, Watu Wote, ya 2017, iliyofika mpaka kuteuliwa kwa tuzo za Oscar.

Niliwaonyesha vijana wangu filamu hiyo kwa laptopu. Hapo kuna kila kitu wanachokitaka, bunduki, hofu, wakati unaokwisha. Na kuna undugu. Lakini swali lake si "je, utamtaja kakako?" Ni "kakako ni nani?" Abiria wale hawakuwa wa mama mmoja. Wengine walikuwa wanaogopana tangu asubuhi. Ukiwauliza vijana wangu lipi kati ya maswali hayo mawili wamewahi kuulizwa na mwalimu, na mwandishi, na mtu wa semina, watakwambia ni la kwanza, kila siku.

Kwa hiyo nawaambia waandishi wa hadithi hizi: mkimtuma mdogo polisi, kwanza njooni mpange foleni naye. Mwonyeshe na yale yanayotokea baada ya chai ile.

Serikali nayo ijue hili. Ukitaka ndugu aseme, mhakikishie kwamba kakake atafikishwa mahakamani akiwa hai, na kwamba mahakama ikimwachilia, ameachiliwa. Na baba anapokuja kusema mwanangu amepotea, msikilizeni wakati huo huo, msingoje mpaka maiti zihesabiwe ndipo mtafute kambi ya kufunga.

Mashirika, punguzeni semina za siku mbili zenye soda na fulana. Walipeni kina abti. Kila bloku ina mzee mmoja au mama mmoja ambaye vijana hawamwogopi. Mpeni muda, mpeni nauli, msimpe fomu yenye jina.

Na ninyi walaalo zangu, wa mama mmoja na wasio wa mama mmoja: ukimwona ndugu yako amekaa mlangoni anaangalia vumbi, usingoje simu yake ikwambie. Kaa naye. Akitukana serikali, msikilize, kuna kweli ndani yake. Kisha muulize kama abti: huyo anayekutuma, alikuwa wapi zile siku tisa?

Yule kijana wa miaka 16 bado anakuja kila Jumamosi. Wiki iliyopita aliniuliza kama nimepata jibu la swali lake. Nikamwambia sijapata, nimeandika tu. Akasema hata hiyo si mbaya.